Mchumba kaninunulia glavu za aunsi 10, mwalimu anataka 16. Nifanyeje?

BARUA

Anti, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 26, nauza kwenye duka la dawa hapa Dar es Salaam. Nina mchumba. Posa imeshapokelewa nyumbani, mahari imelipwa nusu, na tumepanga kufunga ndoa baada ya Ramadhani. Yeye ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Lusaka na wakati mwingine anapitiliza hadi Lubumbashi, kwa hiyo akiondoka naweza kukaa wiki kadhaa bila kumwona, nyingine zikiishia kwenye foleni ya Tunduma. Ni mtu mzuri, Anti. Nalisema hili mapema ili usije ukamfikiria vibaya.

Mwaka jana nilianza mazoezi ya ngumi kwenye jimu moja ya mtaani. Lengo lilikuwa kupunguza mwili tu, maana dukani nashinda nimekaa. Nilimwambia mchumba wangu akafurahi, akawa ananitania kwamba sasa ataniogopa. Nilikuwa naruka kamba, napiga begi, napiga pedi na mwalimu, narudi nyumbani. Baada ya miezi kadhaa mwalimu akaniambia nina mkono mzuri wa kushoto, akaniweka ulingoni nicheze sparing, yaani kupigana na mwenzangu kwa mazoezi. Siku ile nilitetemeka, lakini niliposhuka nilijua kwamba hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Sasa nacheza sparing kila wiki, mara nyingi na binti wa miaka 19 ambaye anataka kufika timu ya taifa. Mimi nina kilo 57, yeye ana 54. Mwalimu anasema nikiendelea hivi ataniandikisha kwenye mashindano ya ridhaa mwakani.

Mchumba wangu halijui hili la sparing. Anajua nafanya mazoezi tu. Siku moja tulikuwa tunaangalia vitasa kwenye runinga, wanawake wawili wanapigana, akacheka akasema, "Mwanamke apigwe usoni halafu aje alale kwangu?" Sikujibu kitu. Kuanzia siku ile sijapata njia ya kumweleza. Mwezi uliopita mdomo wangu ulivimba baada ya sparing, akanipigia simu ya video, nikamwambia ni jino.

Sasa tatizo lenyewe. Aliporudi safari ya mwisho aliniletea zawadi, glavu za ngumi alizonunua Lusaka. Nyekundu, nzuri, za kufunga kwa velkro, na pembeni zimeandikwa 10 OZ. Ndani ya kifundo ameandika kwa makapeni "Mke wangu". Nililia, Anti. Si za bei rahisi, naijua mishahara ya madereva.

Kesho yake nikaenda nazo jimu nikiwa na furaha, nikafunga bandeji, nikazivaa, nikapanda ulingoni. Mwalimu akanishusha mbele ya watu. Akasema, "Hizo ni za begi, hapa unampiga mwenzio kichwani. Kalete 16 au uvae za jimu." Mmoja wa vijana akadakia kwamba mchumba wangu kaniletea midoli. Watu wakacheka. Niliumia kuliko ngumi yoyote niliyowahi kupigwa.

Za jimu zenyewe ni za aunsi 16, zinavaliwa na kila mtu, ndani mbichi kwa jasho na zinanuka. Mkono wangu mdogo unacheza humo ndani, na nikifika raundi ya tatu mabega yanawaka moto. Mwalimu anataka ninunue zangu. Nikinunua, mchumba wangu ataziona na atauliza zile zake zina kasoro gani. Nikimwambia hazifai, nitakuwa nimemdharau. Nikimwambia kwa nini hazifai, itabidi nimwambie kuhusu sparing. Na hawezi kuzirudisha, ziko mbali na zimeshaandikwa.

Anarudi wiki ijayo, na amesema Jumamosi anataka aje jimu anione nikizitumia. Je, mwanamke wa kilo zangu kweli anahitaji aunsi 16, au mwalimu ananionea? Na Jumamosi nivae zipi?

Ni mimi,
Bibi harusi mtarajiwa, Dar es Salaam


MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Na hongera kwa posa.

Barua yako ina maswali mawili, umeyafunga kwenye bandeji moja. La kwanza ni la glavu, na hilo lina majibu yanayoeleweka, nitakupa ninayoyajua. La pili ni la nyumba unayokwenda kuijenga. Hilo sitajifanya nalijua kuliko wewe, maana mimi huyu bwana sijawahi kumwona. Nimeona maandishi yake ya makapeni tu, na kwa hayo nimeshampenda kidogo.

Tuanze na glavu, kwa sababu nadhani ukizielewa vizuri, nusu ya aibu uliyoibeba kutoka ulingoni itashuka yenyewe.

Aunsi moja ni gramu 28 na ushee. Glavu ya 10 ina gramu kama 280, ya 16 ina gramu kama 450. Tofauti ni gramu 170 kwa kila mkono, na ndizo hizo zinazokuchoma mabega raundi ya tatu. Uzito huo unatokana zaidi na sponji. Namba inavyopanda ndivyo sponji linavyoongezeka kati ya kifundo chako cha vidole na uso wa mwenzio. Kwa hiyo namba ile haipimi ukubwa wa mtu, wala haipimi ujasiri wake. Inasema glavu imekusudiwa kazi gani.

Kwa kazi ya begi na pedi, mtu wa kilo 57 anayevaa 10 au 12 yuko sawasawa, alimradi amefunga bandeji vizuri. Hapo huumizi mtu, unalinda mkono wako tu. (Angalia lakini begi lenu lina nini ndani. Haya ya kushona mtaani hujazwa matambara, vumbi la mbao na mchanga, na mchanga hushuka chini ukawa mgumu kama tofali. Kama lenu ni la namna hiyo, piga juu, na siku za kupiga kwa nguvu azima zenye sponji zaidi. Mifupa ya kiganja, hasa ule ulio chini ya kidole kidogo, huvunjika kirahisi ngumi ikitua vibaya, na wewe kazi yako ni kuhesabu vidonge.)

Sparing ni habari nyingine. Humo kuna kichwa cha mtu, na kesho yake mtu huyo huyo unahitaji arudi mcheze tena. Ndiyo maana jimu nyingi duniani huweka 16 kwa watu wazima wote, na baadhi huruhusu 14 kwa wepesi na wanawake. Kwa hiyo hapana, sioni kwamba mwalimu anakuonea. Huyo binti wa miaka 19 ana kilo tatu pungufu yako na ana ndoto ya timu ya taifa. Mwalimu alipokushusha alikuwa anaangalia kichwa cha yule binti. Mchumba wako aliponunua alikuwa anaangalia mikono yako. Wote wawili walikuwa wanamlinda mtu.

Lakini 16 si aya ya msahafu. Kwa kilo zako na mkono mdogo, una haki kabisa ya kumfuata mwalimu siku ambayo hakuna watu, umuulize kwa adabu: "Mwalimu, za 14 zilizo nzima hazitoshi kwa mimi na huyu mwenzangu?" Anaweza kukubali. Anaweza pia kusema sheria ya jimu ni moja kwa wote ili asianze kubishana na kila mtu, na hilo nalo lina mantiki, maana leo akikupunguzia wewe, kesho yupo kijana wa kilo 75 atakayetaka apunguziwe. Ukimuuliza, muulize pia kuhusu hali ya zile za jimu. Glavu ya 16 iliyopigwa miaka mingi sponji lake limelala, ukibonyeza kwa dole gumba unagusa mfupa wa upande wa pili. Hiyo imebaki 16 kwa maandishi tu. Glavu mpya ya 14 inaweza kumlinda yule binti kuliko hiyo. Hapo mwalimu mwenyewe ana la kujibu.

Umeandika kama vile kuna vita kati ya 10 na 16, moja lazima ishinde. Mbona wapiga ngumi wengi wana jozi mbili? Za begi huwa hazipandi ulingoni hata zingekuwa na uzito unaotakiwa, kwa sababu begi hulaza sponji na kuikwaruza ngozi, na ngozi iliyochanika huchana uso wa mtu. Kwa hiyo hata kama mchumba wako angekuletea za 16, ungeambiwa uchague: ama za begi, ama za sparing. Zawadi yake haijakosa kazi. Ina kazi ya siku nyingi zaidi kuliko hizo 16 utakazonunua, maana nadhani begi na pedi ndivyo unavyofanya karibu kila ukiingia humo ndani.

Tena nikuongezee kitu cha kumjibu yule aliyesema midoli. Kwenye mashindano ya ridhaa, wanawake hupigana na glavu za aunsi 10. Kwenye ngumi za kulipwa, mtu wa kilo zako hupanda ulingoni na aunsi 8. Hao wanawake mliowaona kwenye runinga hawakuwa na 16 mikononi. Mazoezi hufanywa na nzito ili mwili usichakae na mikono izoee mzigo, halafu siku ya pambano mkono unakuwa mwepesi. Mchumba wako pengine alisimama dukani kule Lusaka akawaza namba aliyowahi kuisikia kwenye pambano. Siku ya mashindano glavu hutolewa na waandaaji, kwa hiyo zake hazitapanda nawe ulingoni, ila namba aliyochagua ndiyo namba ya pambano. Kijana wa watu hakuwa mbali.

Sasa nije kwenye lile la pili, na hapa nitakwenda polepole.

Ukiisoma barua yako kama ninavyoisoma mimi, utaona kwamba zawadi ya mchumba wako inalingana kabisa na yale anayoyajua. Anajua unapiga begi. Kaleta glavu za begi. Hakukosea hesabu, mwanangu, alipewa hesabu nusu. Sikulaumu. Nataka tu uone kwamba unaogopa kumwambia "glavu zako hazifai" wakati sentensi ambayo hasa imekukaa kooni ni nyingine: "Ninapanda ulingoni na ninapenda." Hiyo ya kwanza ni rahisi mno kwa dereva wa lori. Gari la tani 10 halipewi mzigo wa tani 30, na hakuna anayelitukana gari kwa hilo. Ataelewa kabla hujamaliza kueleza. Ya pili ndiyo itakayomnyamazisha.

Atasema nini? Wewe unajibu kwa kutumia mzaha wake wa siku ile mbele ya runinga. Huenda uko sahihi, mtu husema kwa kicheko anachokiogopa kukisema kwa sauti ya kawaida. Lakini jiulize, alikuwa anazungumza na mwanamke anayepigana, au alikuwa anazungumza na mpenzi wake kuhusu watu wa kwenye runinga? Wanaume wengi husema mambo kuhusu wake za wengine ambayo wasingeyasema kama wangejua yanamgusa aliyekaa pembeni yao. Simtetei. Nasema tu hujawahi kumuuliza, na yeye hajawahi kukujibu, halafu umeshaishi na jibu hilo kwa miezi.

Na tuwe wakweli, hofu yake kama ipo si ya kijinga. Ngumi zinaumiza. Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988, na mwaka 1994 alifariki baada ya pambano Las Vegas. Glavu kubwa hupunguza kuchanika na huulinda sana mkono wa anayepiga, lakini ubongo bado hutikisika ndani ya fuvu, uvae 10 au 16. Kinga ya kichwa nayo huzuia mipasuko zaidi kuliko huo mtikisiko. Kwa hiyo usije ukamwambia "nikivaa 16 hakuna hatari", kwa sababu si kweli, na akija kujua utakuwa umemdanganya mara ya pili. Mwambie yaliyo kweli: kwamba sparing ya mazoezi haipigwi kwa nguvu zote, kwamba mwalimu wenu ni mkali kiasi cha kukushusha ulingoni mbele za watu kwa ajili ya aunsi sita, kwamba unavaa kinga ya meno na ya kichwa. (Unavaa, sivyo? Barua yako haikusema, na mdomo uliovimba umenitia shaka.) Na siku ukishuka na kichwa kinachouma kisichoacha, kizunguzungu au kichefuchefu, hiyo siku hakuna mjadala wa glavu. Unakwenda hospitali, na hurudi ulingoni mpaka daktari aseme. Wewe unauza dawa, najua unavyoweza kujipa panadol ukanyamaza. Usifanye hivyo.

Njia zilizo mbele yako naziona hivi.

Unaweza kuendelea kama ulivyo: nyekundu kwenye begi, za jimu kwenye sparing, mdomo umefungwa. Wiki ijayo itapita salama, hasa ukimwomba mwalimu Jumamosi usiwekwe ulingoni. Lakini utakuwa umemwingiza mwalimu kwenye siri yako bila kumuuliza kama anaitaka, pamoja na kijana wa midoli, pamoja na yule binti. Jimu la mtaani lina midomo mingi, na mtu yeyote anaweza kumpa mchumba wako mkono na kumwambia, "Bro, mkeo ana kushoto hatari." Kuna na hizo glavu za jimu zenyewe, mbichi kila siku. Magonjwa ya ngozi yanapita humo, unayajua kuliko mimi maana krimu zake unaziuza.

Unaweza kununua zako kimya kimya ukaziacha kwa mwalimu. Mikono itakuwa na raha. Ila sasa kutakuwa na jozi inayofichwa na jozi inayoonyeshwa, na wewe ndiwe utakayekumbuka kila siku ipi iko wapi.

Unaweza kusimamisha sparing mpaka harusi ipite. Usiidharau njia hii kwa haraka. Hakuna anayekudai pambano, begi na pedi zitakuweka vizuri, na uso wako utakuwa mzima siku ya picha. Shangazi zako wangeniunga mkono hapo. Hatari yake ni kama utasimama kwa sababu ya kuogopa kusema, halafu ukaanza kumdai mtu kitu ambacho hajui alikunyang'anya. Nimepokea barua nyingi za wake wa miaka kumi ya ndoa wanaolia kwa ajili ya cherehani, chuo au kwaya waliyoiacha "kwa ajili yake", na mume hakuwahi kuambiwa.

Na unaweza kumwambia. Kwenye simu akiwa foleni Tunduma ana muda wa kusikiliza, lakini hutauona uso wake, naye atakaa na neno hilo peke yake kwenye kabini, halafu kesho yake aendeshe. Mimi hapo ningesita. Ana kwa ana kabla ya Jumamosi kuna nafasi ya kuulizana na kununiana kidogo. Kumwacha aje jimu aone mwenyewe kunaonekana rahisi kwa sababu mwalimu atamweleza kwa niaba yako, lakini mwanamume anayekutana na habari za mchumba wake mbele ya vijana wanaocheka huwa hasikii maelezo. Wewe mwenyewe umeonja wiki hii ladha ya kuambiwa jambo la kweli mbele ya watu.

Hatari ya kumwambia siifichi: anaweza kusema, "Acha." Kabla hujafungua mdomo, itabidi ujue wewe utasema nini akisema hivyo. Sikuombi uniandikie jibu. Kuna wasichana ambao wangeacha bila kinyongo kwa sababu ngumi kwao ilikuwa burudani, na kuna ambao wangeona wameacha mkono nyumbani kwa wazazi. Wewe umeandika "hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta". Sijui uzito wa sentensi hiyo kwako, wewe ndiye unayeujua. Anaweza pia kusema, "Kwa nini hukuniambia?" na hilo ndilo ningelitarajia zaidi. Hapo usikimbilie kujitetea na habari za runinga. Umwambie kuhusu jino, ulicheke na yeye kama mnaweza.

Yapo na maswali yake ambayo si ya kukuzuia. Mkitaka mtoto mapema, itakuwaje? Mashindano ya ridhaa humtaka mwanamke athibitishe kwamba si mjamzito kabla ya kupanda ulingoni, na mwalimu mwenye akili hatakuweka kwenye sparing ukiwa na mimba hata changa. Kwa hiyo "mwakani" ya mwalimu na "baada ya Ramadhani" ya wazee wako ziko kwenye kalenda moja, na mchumba wako ana haki ya kuiona kalenda hiyo. Mama yako je, anajua? Hukusema. Kama anajua na amenyamaza, huenda ana la kukushauri kuhusu huyu mkwe mtarajiwa ambalo mimi wa gazetini silioni.

Ukiamua kununua, nikupe ya sokoni. Nenda Kariakoo na bandeji zako, zile ndefu za mita nne na nusu, zifunge mkononi palepale dukani ndipo ujaribu glavu. Mkono wako unacheza ndani ya za jimu huenda kwa sababu unafunga bandeji fupi, au glavu zenyewe zimepanuliwa na mikono ya wanaume. Kunja ngumi kabisa, ncha za vidole ziguse mwisho wa ndani bila kujikunja kwa maumivu, dole gumba likae limelala. Usiamini maandishi, zipo zilizochapwa 16 ambazo kwenye mzani hazifiki. Kama duka lako la dawa lina mzani mdogo wa kidijitali, unajua la kufanya: ya 14 isipungue sana gramu 400, ya 16 icheze kwenye 450. Na zote, mpya na nyekundu, usizifungie kwenye begi la mgongoni na joto hili la Dar. Zifungue midomo, zijaze magazeti, ziweke penye upepo.

Jumamosi uvae zipi? Kama uko kwenye begi na pedi, nyekundu zina haki yake, na akiziona zikipigwa atafurahi kuliko unavyodhani. Kama mwalimu atakuita ulingoni, utabadilisha, na atakuona ukibadilisha. Swali langu ni kama wakati huo atakuwa anajua kwa nini.

Ukipata nafasi niandikie mwalimu alisemaje kuhusu za 14.